Kontrola ya wimbi laini kwa mota isiyo na brashi: tathmini baada ya msimu wa masika Nairobi

Kontrola ninayoitathmini hapa, yaani kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota ya baiskeli, ni ya volti 48 na ampea 25, yenye kasha la alumini lililochongwa mapezi ya kupozea joto, na huuzwa bila jina la kutambulika katika maduka ya Luthuli Avenue na vichochoro vya River Road. Wauzaji huitofautisha na nyingine za bei nafuu kwa sifa mbili: kwamba ni ya wimbi laini, yaani huipa mota mkondo unaopanda na kushuka taratibu badala ya kuruka kwa hatua, na kwamba hujifunza yenyewe mpangilio wa nyaya za mota. Niliifunga kwenye baiskeli ya mizigo yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, baiskeli inayopeleka mikate kutoka Industrial Area hadi Hurlingham, na imefanya kazi msimu wote wa mvua za masika. Rai yangu ni kwamba inastahili bei yake, ambayo ni karibu maradufu ya zile za kawaida, lakini si kwa sababu ya ampea zilizochapishwa kwenye kasha. Thamani yake iko katika namna inavyozisoma sensa tatu za mota, yaani vihisio vinavyoijulisha mota imefika wapi katika kuzunguka, na hasa katika namna inavyojiendesha sensa hizo zinapotoa habari chache au habari za uongo.

Ili hukumu hiyo ieleweke, ni lazima kueleza kwanza kazi ambayo kontrola hupewa. Mota yenye brashi hujipangia zamu yenyewe, kwa kuwa vipande vya kaboni husugua komyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba inayozunguka, na kila koili hupata mkondo pale tu inapofika mahali pake. Mota isiyo na brashi imeondoa msuguano huo, na pamoja nao imeondoa utaratibu wa zamu. Sumaku za kudumu zimebandikwa kwenye rota, ambayo katika mota ya kitovu ndiyo ganda la nje linalozunguka pamoja na gurudumu. Koili zimezungushwa kwenye stata isiyosogea, katika makundi matatu yanayoitwa fezi. Na uamuzi wa ni fezi ipi ipewe mkondo, na mkondo huo uelekee upande gani, umehamia ndani ya kontrola, ambamo mosfeti sita, yaani transista zinazofanya kazi ya swichi, mbili kwa kila fezi, hufunguka na kujifunga maelfu ya mara kwa sekunde. Wazo la kuzipa transista kazi ya komyuteta si la jana, kwani Wilson na Trickey walilichapisha nchini Marekani mwaka 1962. Aliyewahi kuona watwangaji watatu wakishiriki kinu kimoja anajua tatizo linalobaki: nguvu za mikono hazifai kitu mchi ukishuka wakati si zamu yake.

Gharama ya kukosea zamu inaweza kupigiwa hesabu. Msukumo wa mota huwa mkubwa kabisa pale uga wa koili, yaani nguvu ya sumaku inayozalishwa na mkondo, unapoutangulia uga wa sumaku za rota kwa digrii 90 za umeme (digrii 360 za umeme ni kupita kwa jozi moja ya sumaku, si mzunguko mzima wa gurudumu). Tofauti hiyo ikipotoka kwa digrii 30, msukumo hushuka hadi asilimia 87 hivi. Ikipotoka kwa digrii 60, hubaki nusu, ilhali koili zinaendelea kupashwa joto na mkondo ule ule. Kwa hiyo kontrola haiwezi kufanya lolote la maana kabla ya kujua rota imesimama wapi, na hapo ndipo sensa za Hall zinapoingia. Edwin Hall aligundua mwaka 1879, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwamba mkondo unaopita katika utando mwembamba wa dhahabu uliowekwa ndani ya uga wa sumaku huzaa volteji ndogo kwa upande. Sensa za leo hutumia kanuni hiyo hiyo ndani ya kipande kidogo cha silikoni chenye miguu mitatu: mmoja wa volti 5, mmoja wa ardhi na mmoja wa ishara. Mota huwa na sensa tatu zilizogundishwa kwenye stata kwa mwachano wa digrii 120 za umeme, na kila moja husema moja au sifuri kulingana na ncha ya sumaku iliyo mbele yake.

Ishara tatu za namna hiyo zingeweza kutoa hali nane, lakini kwa mpangilio huo wa digrii 120 ni sita tu zinazotokea kwa haki: 101, 100, 110, 010, 011, 001, kisha mzunguko unaanza upya. Msomaji ataona kwamba kutoka hali moja hadi inayofuata ni tarakimu moja tu inayobadilika. Hali za 000 na 111 hazina mahali katika mzunguko. Mambo haya mawili, yaani mbadiliko wa tarakimu moja na marufuku ya hali mbili, ndiyo yanayoiwezesha kontrola makini kutambua kwamba inadanganywa, nami nitayarudia nitakapofika kwenye jaribio la sensa iliyokufa.

Mota yangu ina sumaku 46, yaani jozi 23, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja, mzunguko wa umeme hutimia mara 23 na sensa hubadilisha hali mara 138. Kwa gurudumu la inchi 26 lenye mzingo wa mita 2 na kidogo, mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzaa mabadiliko karibu 370 kwa sekunde, ambapo kontrola hupata habari mpya kila baada ya milisekunde 2.7. Kwa kilomita 3 kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli iliyojaa mikate ikianza kupanda mlima, mabadiliko ni kama 55 tu kwa sekunde. Tofauti kati ya kasi hizo mbili inaeleza karibu kila kitu ambacho mpandaji husikia na kuhisi.

Kontrola ya kawaida ya hatua sita haina habari nyingine zaidi ya hali zile sita. Sensa zikibadilika, huhamisha uga wa koili kwa digrii 60, kisha huuacha pale pale hadi zibadilike tena, na katika muda huo rota inaendelea kusogea, hivyo tofauti iliyopaswa kuwa digrii 90 huanza katika 120 na kuishia katika 60. Msukumo hupanda na kushuka kati ya asilimia 87 na 100 katika kila hatua, mara 138 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mngurumo unaosikika baiskeli nyingi za umeme zinapoondoka kwenye taa za barabarani ndio huo. Katika mwendo mkubwa uzito wa gurudumu huumeza mtetemeko wenyewe; katika mwendo mdogo, fremu nzima hutetema.

Kontrola hii hufanya zaidi ya hapo. Hupima muda uliopita kati ya mabadiliko mawili ya mwisho, hudhani kwamba mwendo haujabadilika sana, kisha hukisia pembe ya rota katikati ya hali moja na nyingine, na kwa makisio hayo huzipa fezi tatu mikondo inayopanda na kushuka taratibu badala ya kurukaruka. Matokeo yake ni ukimya. Kwenye tambarare ya Jogoo Road saa za asubuhi, sauti pekee iliyobaki ni ya tairi, jambo ambalo lina hatari yake kwa kuwa watembea kwa miguu hawasikii kinachokuja nyuma yao na kengele imekuwa ya lazima. Makisio hayo hayawezekani gurudumu likiwa limesimama, kwa sababu hakuna muda wa kupima. Kontrola huanza kwa hatua sita, na kwa kama nusu mita ya kwanza mtetemeko wa zamani unarudi kabla ya kupokelewa na wimbi laini. Mpokezano huo unahisika mkononi. Katika kontrola za bei ya juu hauhisiki, na hii ni kasoro ya kweli ingawa haisumbui baada ya kuizoea.

Kasoro ya pili haitokani na kontrola peke yake. Makisio huwa sahihi tu ikiwa sensa zenyewe ziligundishwa mahali pake, na katika stata yenye kipenyo cha milimita 200 na jozi 23 za sumaku, kosa la milimita moja la mfanyakazi wa kiwandani ni sawa na digrii 13 hivi za umeme. Kontrola iliyoandikiwa programu nzuri ingepima upungufu wa kila sensa na kuufidia. Hii, kwa kadiri ninavyoweza kusikia, haifanyi hivyo, kwani katika mwendo wa kati kuna mlio mwembamba unaojirudia kwa mpigo usio sawa, na mlio huo hutoweka mota hiyo hiyo inapoendeshwa bila sensa. Sifa ya kujifunza yenyewe, kwa hiyo, isitafsiriwe kupita kiasi: inachojifunza ni mpangilio wa nyaya, si mahali hasa sensa zilipo.

Hata hivyo, kujifunza mpangilio wa nyaya si jambo dogo. Mota ina nyaya tatu nene za fezi na tatu nyembamba za ishara, zote za manjano, kijani na buluu, na hakuna sheria inayowalazimisha watengenezaji wawili kukubaliana kuhusu rangi hizo. Njia za kuziunganisha ni 36, na zinazoendesha mota inavyopaswa ni 6 tu, 3 zikielekea mbele na 3 nyuma. Zilizosalia huifanya mota itetemeke, igome, au izunguke kinyumenyume kwa unyonge huku ikinyonya mkondo mwingi, na hiyo ya mwisho ndiyo inayounguza mosfeti, kwa sababu fundi huona gurudumu linazunguka akadhani amekaribia jibu. Kwa kontrola hii gurudumu huinuliwa, nyaya mbili nyeupe huunganishwa, umeme huwashwa, na baada ya sekunde chache za kusitasita gurudumu huzunguka polepole. Likizunguka kinyume, nyaya nyeupe huachanishwa na kuunganishwa tena, nalo hugeuza mwelekeo. Kisha huachanishwa kabisa na mpangilio unabaki kwenye kumbukumbu. Fundi wa Kariobangi aliyenisaidia, ambaye amezoea kuandika mipangilio hiyo kwenye katoni na kuikata mmoja baada ya mwingine, alitazama kazi ikiisha kabla hajamaliza chai yake, akasema, "Mzee, hii imeninyima kibarua."

Sasa jaribio la sensa iliyokufa, ambalo kwangu ndilo kipimo kikuu. Sensa za Hall hufa kwa maji, kwa joto, au kwa waya kukatika pale unapoingia kwenye ekseli, na barabara zetu za masika huyaalika yote. Niliuchomoa kwa makusudi waya mmoja wa ishara. Kwa kuwa ndani ya kontrola kila ishara imevutwa juu na rezista, yaani imeunganishwa na volti 5 kupitia kizuizi cha mkondo, waya usiounganishwa husomeka kama moja daima. Tuchukue kwamba ni tarakimu ya kwanza: hali za 101, 100 na 110 zinabaki sahihi, 010 inasomeka 110 na 001 inasomeka 101, hali mbili halali lakini za uongo, zinazopotosha uga kwa digrii 60, na 011 inasomeka 111, ambayo ni haramu. Hii ndiyo sababu ya ugonjwa ambao kila mwendesha baiskeli ya umeme Nairobi ameusikia, wa mota inayoondoka leo na kugoma kesho, na ambayo huitikia baiskeli ikisukumwa kidogo kwa mguu. Haina ukorofi wowote. Gurudumu limesimama tu katika sehemu moja kati ya sita ambapo kontrola haioni kitu, na kulisukuma hulihamishia kwenye hali inayosomeka.

Kontrola ya hatua sita niliyokuwa nayo awali iliitikia jaribio hilo kwa mateke yaliyotikisa mnyororo. Hii ilitetema mara moja, ikaikataa hali ya 111, ikakata mkondo, na nilipolisukuma gurudumu ikaendelea bila kuzitegemea sensa tena. Uwezo huo hutegemea volteji ambayo mota huizalisha yenyewe inapozunguka: kontrola hutazama fezi isiyopewa mkondo, hungoja volteji yake ivuke kati ya juu na chini, na hujua kwamba zamu inayofuata iko digrii 30 mbele. Volteji hiyo hukua pamoja na mwendo, na gurudumu likisimama haipo kabisa. Mota za droni huishi bila sensa kwa raha kwa sababu panga zake huanza kuzunguka hewani bila mzigo, hivyo zinaweza kuzungushwa kwa kubahatisha hadi volteji ionekane. Baiskeli yenye kreti za mikate katikati ya Valley Road haina anasa hiyo. Nilijaribu kuondoka pale bila sensa, na kontrola ilipiga mateke ya kubahatisha huku baiskeli ikirudi nyuma. Kwa sensa tatu nzima, mahali pale pale na kwa mzigo ule ule, iliondoka kwa utulivu kana kwamba hakuna mlima. Kwa hiyo njia hii ya akiba ni ya kumfikisha mtu nyumbani, na muuzaji anayesema kwamba sensa hazina umuhimu tena hajawahi kubeba mzigo.

Ninacholalamikia zaidi ni kwamba kontrola hukaa kimya kuhusu haya yote. Haina taa wala mlio wa kuonyesha kwamba sensa moja imepotea, hivyo mpandaji anaweza kuendelea kwa wiki kadhaa akidhani betri imechoka. Njia ya kujua ni multimita: kontrola ikiwa imewashwa na konekta ya sensa ikiwa imeunganishwa, ncha nyeusi ya multimita huwekwa kwenye ardhi, ncha nyekundu hugusa waya wa manjano, kisha wa kijani, kisha wa buluu, na gurudumu huzungushwa kwa mkono polepole. Kila waya unapaswa kupanda karibu na volti 5 na kurudi karibu na sifuri. Unaobaki juu au chini ndio mgonjwa.

Konekta hiyo yenyewe ni ya plastiki isiyozuia maji, na hapa watengenezaji wamebania senti mahali pabaya. Mvua kubwa ya kwanza iliingia, volti 5 ikashuka, na kwa kuwa akseleta inategemea volti 5 zile zile, baiskeli ilizima kabisa badala ya kupoteza sensa moja. Niliikausha, nikaifunga kwa mpira unaosinyaa kwa joto na silikoni, na haijarudia. Jambo linaloniridhisha katika upande huu ni kwamba nyaya za ishara, ambazo hupita ndani ya ekseli zikiwa zimebanwa na nyaya nene za fezi, hazionekani kuipotosha kontrola hata mkondo ukiwa mkubwa. Kelele ya umeme ikirukia waya wa ishara huzua mbadiliko wa uongo, na kontrola isiyochuja huonyesha hilo kwa mikwaruzo mlimani, hapa sijaisikia.

Kuhusu ampea sitasema mengi. Kasha linaahidi 25, nami mlimani sijaona zaidi ya 22 zikitoka kwenye betri, ambazo kwa volti 48 ni zaidi kidogo ya wati 1,000 na zinaitosha mota hii. Joto la kasha ni la wastani. Breki ya kurudisha umeme hushika kwa ghafla mno na nimeizima.

Wapo watakaouliza kwa nini wasitafute kitu bora zaidi kuliko sensa tatu. Nissan Leaf na Toyota Prius zinazopita barabarani kwetu hutumia rizolva, kifaa kinachotoa pembe ya rota mfululizo hata gari likiwa limesimama, na zipo enkoda za sumaku zenye tarakimu 12 zinazogawa mzunguko mmoja katika nafasi 4,096. Vifaa hivyo huhitaji kufungwa kwenye ekseli inayozunguka, na katika mota ya kitovu ekseli ndiyo isiyozunguka, kwa hiyo kuviongeza ni kazi ya karakana. Njia mbadala inayowezekana ni VESC, kontrola ya programu huria iliyoanzishwa na Benjamin Vedder wa Sweden, ambayo hupima pembe halisi ya kila hali ya sensa na kuitumia katika hesabu zake. Ingeuondoa ule mlio mwembamba. Lakini inahitaji kompyuta, uvumilivu na fedha zaidi, na ikiungua Jumatatu hakuna duka la kuinunua nyingine Jumanne.

Ningeipendekeza kontrola hii kwa yeyote mwenye mota ya kitovu yenye sensa nzima na mzigo wa kubeba mlimani. Mwenye mota isiyo na sensa aache, kwa sababu atalipia sehemu ambayo hataitumia. Mnunuzi aulize pia iwapo ni ya sensa za digrii 120, kwa kuwa zipo mota chache za digrii 60 ambazo kwazo 000 na 111 ni hali halali na zinazokatazwa ni 010 na 101, na kontrola isiyojua tofauti hiyo itaikataa mota iliyo nzima. Muuzaji wangu hakulijua jibu, lakini aliniruhusu niijaribu dukani nikiwa na gurudumu langu kabla ya kulipa.